Vile vibonzo vya Denmark: nilikuwa Nairobi Ijumaa ile, na kila niliyemuuliza alikuwa hajaviona

Mtanga_B11:

Wakuu habari za jioni. Jana kwenye uzi wa kuchoma misahafu kule Ulaya kuna mtu aliandika "wazungu walichora, Waislamu wakachoma balozi, mchezo kwisha". Nikataka kumjibu palepale nikaona maneno yatakuwa mengi, bora nifungue wa kwangu. Ni mrefu, mvivu wa kusoma apite tu hatugombani.

Februari 2006 nilikuwa kijana, nafuata mzigo wa vitenge Nairobi, naingia na basi la usiku narudi na basi la usiku. Duka nililokuwa nachukulia mzigo lilikuwa Biashara Street, pale ukitoka hatua chache tu uko msikiti wa Jamia. Ijumaa ya tarehe 10 nikaswali pale. Baada ya swala watu badala ya kutawanyika wakaanza kujipanga, mabango yakatoka, takbira, na mimi nikaingia humo humo, sikatai, nilifuata mkumbo kama wengine. Nilikuwa nasikia tu kwamba huko Denmark wamemchora Mtume (S.A.W) na bomu kwenye kilemba.

Sasa kuna kijana alikuwa mbele yangu, miaka kumi na nane hivi, ana karatasi kaikunja mara nne kaiweka mfuko wa shati. Akaifungua. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, weusi mtupu, unaona ndevu na pua ya nguruwe basi. Tukamzunguka kama kumi. Kuna mzee mmoja amevaa kanzu na koti juu, aliangalia mara moja akageuza uso akalia, namaanisha alilia machozi kabisa, ikabidi mwenzie amshike mkono. Mimi mwenyewe donge lilinikaba. Wakuu pale mtu angeniambia tuingie popote ningeingia.

Kundi likataka kwenda kwa balozi wa Denmark, polisi wakaziba njia, mabomu ya machozi, halafu risasi. Mtu mmoja alijeruhiwa kwa risasi siku ile. Mimi nilipoteza kandambili moja nikaishia kujibanza nyuma ya banda la mama wa chapati, akanipa maji ya kunawa macho huku ananisema "nyinyi mnakimbizana juu ya picha hata hamjaiona". Nikamwambia mimi nimeiona!

Kumbe sijaiona. Ilikuja kunichukua muda kujua kwamba ile ya pua ya nguruwe haikuwemo kabisa kwenye gazeti. Ni picha ya Mfaransa mmoja kwenye tamasha la kijijini kwao, wanashindana nani analia kama nguruwe, kavaa pua na masikio ya plastiki. Hakuna Mtume pale wala dini, ni mashindano ya kijinga ya kijijini. Swali langu kwa hiyo: ule moto nani hasa aliuwasha?

Kamchape:

Nimeshakaa kiti cha mbele, leteni karanga

Sauti_ya_Kisonge:

Mleta mada naona unataka kuwasafisha wazungu kijanja. Hata kama hiyo ya nguruwe haikuwemo, zile 12 zilikuwemo. Lile bomu kwenye kilemba limeandikwa shahada, SHAHADA, ile tunayomsomea mtoto anapozaliwa na maiti anapokata roho. Mtu akiandika jina la mama yako kwenye choo utamuuliza kwanza kama ni fotokopi?

Mtanga_B11:

Sheikh wangu tulia, simsafishi mtu. Shahada iliandikwa na inauma, nakubali. Ngoja nimalizie nilichotaka kusema ndio unirukie.

Gazeti linaitwa Jyllands-Posten, lilitoa vile vibonzo tarehe 30 Septemba 2005. Septemba! Balozi zilichomwa lini? Damascus tarehe 4 Februari 2006, Beirut kesho yake. Hapo katikati kuna miezi minne, mtoto wa kuku anakuwa jogoo. Mtu akikutukana sokoni unamrukia hapo hapo au unaenda nyumbani unakaa miezi minne unarudi na petroli?

Na kuna kitu kimoja kinanishangaza mpaka leo. Tarehe 17 Oktoba 2005 gazeti la Al-Fagr la Cairo lilichapisha baadhi ya vibonzo hivyo hivyo ili kulaani. CAIRO. Tena mwezi wa Ramadhani, watu wamefunga. Hakuna aliyerusha hata jiwe. Kama kuona tu kile kibonzo ndio kunawasha watu, Cairo ingewaka mwezi ule ule.

Nyoka_wa_Mdimu:

Mkuu hapo umenifundisha kitu, la Cairo sikujua kabisa

Mpare_Aarhus:

Wadau mimi niko huku Denmark, mji wa Aarhus, na hilo gazeti makao yake ni huku huku kwetu. Nilikuja kusoma nikabaki na familia. Nitasema ninachokijua kwa kuishi nao, siyo cha kusimuliwa.

Ilianza hivi. Kuna mwandishi wa vitabu vya watoto alitaka kuandika kitabu juu ya maisha ya Mtume, akasema wachoraji wanakataa, wanaogopa. Mhariri wa utamaduni wa gazeti, Flemming Rose, akaona hiyo ni habari, akawaandikia wachoraji "mchoreni Mtume mnavyomwona nyinyi". Wakajibu 12. Na siyo wote walimkejeli Mtume, watu hawajui hili. Mmoja alimchora kijana wa shule wa Copenhagen anaitwa Muhammad, mhamiaji tu, anaandika ubaoni kwa Kiajemi kwamba waandishi wa Jyllands-Posten ni genge la wachokozi. Yaani gazeti lilichapisha tusi dhidi yake lenyewe na wahariri Kiajemi hawakijui 😂. Mwingine alimchora yule mwandishi wa kitabu kama mtu anayetafuta umaarufu. La bomu ni la mzee Kurt Westergaard, na hilo ndilo lililobaki vichwani mwa watu.

Halafu ikaja sehemu ambayo mimi naona ndiyo iliharibu kila kitu. Oktoba mabalozi 11 wa nchi za Kiislamu walimwandikia waziri mkuu Anders Fogh Rasmussen wakiomba kuonana naye. Akakataa kukutana nao. Akasema serikali haina mkono kwenye magazeti, aliyekashifiwa aende mahakamani. Kisheria yuko sawa kabisa, huku waziri mkuu hampigii simu mhariri. Ila jamani mabalozi 11 wamebisha hodi unashindwa kuwapa hata kahawa? Huku kwao barua rasmi ikijibiwa kwa barua rasmi kazi imeisha. Kwetu mgeni aliyerudishwa mlangoni hiyo ni kesi ya ukoo.

Sauti_ya_Kisonge:

Mpare ahsante kwa kusema ukweli. Na mahakamani waliambiwa nini? Sema yote.

Mpare_Aarhus:

Waislamu wa huku walishtaki kweli, kulikuwepo na kifungu cha kukashifu dini, kifungu cha 140. Mwendesha mashtaka akaifunga Januari 2006, akasema hakuna kosa. Kwa hiyo mlango wa serikali umefungwa, na wa sheria nao umefungwa. Na hata kabla ya hapo, Desemba 2005, maimamu kadhaa wa huku walikuwa wameshabeba faili lao wakaenda Misri na Lebanon. Kurasa arobaini na kitu. Ndani kulikuwa na vibonzo 12 NA picha nyingine tatu ambazo gazeti halikuzichapisha, ikiwemo hiyo ya nguruwe ya Mtanga. Wenyewe walisema walitumiwa na watu wasiojulikana kuonyesha Waislamu wanavyotukanwa. Lakini ukishaziweka kwenye faili moja, anayepokea kule Cairo atatofautishaje?

Mtanga_B11:

Ndio hapo! Kwa hiyo karatasi ya mfuko wa shati ilitoka Denmark ikaenda sijui wapi ikaja mpaka Nairobi na imeshabadilika njiani. Huu ulikuwa moto wa makumbi wakuu, juu huoni kitu, chini kwa chini unatambaa.

DadaMwajuma:

Naomba niseme kama mwanamke wa Kiislamu wa Unguja, maana naona wanaume mnahesabu tarehe tu.

Mie sikuandamana wala sikuchoma. Nilikuwa Form Four. Nakumbuka bibi yangu alisikia redioni akauliza "wamemchora vipi?" tukamwambia bibi usitake kujua. Akakaa kimya mpaka magharibi. Akaswali, akachukua tasbihi akawa anamswalia Mtume mpaka usiku. Hiyo ndio maandamano yake. Na hakuna kamera ya televisheni iliyokuja kumpiga picha bibi yangu. Waliopigwa picha ni wale wenye mienge. Sasa dunia nzima ikaona Muislamu akikashifiwa anachoma, wakati wengi wetu tulifanya kama bibi. Kaka Mtanga nakubaliana na wewe kuhusu moto lakini usije ukafanya kwamba kwa vile moto uliwashwa na wajanja basi maumivu nayo yalikuwa ya kutengenezwa. Hapana. Ni vitu viwili.

Mtanga_B11:

Dada umenikosoa vizuri na nimekubali. Yule mzee wa Jamia machozi yake yalikuwa ya kweli. Kinachoniuma ni kwamba alilizwa na picha ya uongo.

Mkereketwa_Huru:

Mimi nitakuwa mbaya wenu leo. Sina dini na sitaki ugomvi ila jambo ni dogo: mchoro ni mchoro. Hujaupenda usinunue gazeti. Mkianza kumlaumu waziri mkuu mara kahawa mara maimamu mnasahau aliyebeba kiberiti ndiye mhalifu, nukta. 7 Januari 2015 wale ndugu wawili waliingia ofisi za gazeti la vibonzo la Charlie Hebdo Paris wakaua watu 12. Ni vizee wengine wale, mchoraji Cabu alikuwa na miaka 76, mwenzie Wolinski 80! Vizee vya kalamu. Hakuna "lakini" hapo.

Sauti_ya_Kisonge:

Hakuna lakini kwenye kuua, hilo sikupingi. Hata askari waliyemmaliza pale chini barabarani alikuwa Muislamu, Ahmed Merabet. Lakini nikuulize wewe mtu huru: Jyllands-Posten hilo hilo, mwaka 2003 mchoraji aliwapelekea vibonzo vya Yesu, wakakataa, mhariri akamjibu kwamba wasomaji hawatavifurahia na vitaleta kelele. Uhuru ulikuwa wapi? Likizo?

Mkereketwa_Huru:

Hilo ni kweli na ni unafiki, nimekubali. Ila unafiki wa mhariri hauchomi ubalozi

Kamchape:

karanga zimeisha, nani ana korosho

Mshihiri_Mstaafu:

Vijana mimi nilikuwa Jeddah miaka ile, dereva wa nyumba moja. Nawapeni ya huko.

Januari mwishoni Saudia ilimrudisha nyumbani balozi wake aliyekuwa Denmark, na pale pale ikaanza kususia bidhaa. Mama mwenye nyumba alinituma dukani kama kawaida, siagi na ile jibini ya kopo ya Puck watoto hawali mkate bila hiyo. Nikafika nikakuta friji lote la maziwa limefunikwa nailoni, limebandikwa karatasi kwamba hapa haiuzwi bidhaa ya Denmark. Nikarudi mikono mitupu. Mtoto mdogo wa mle ndani alilia siku mbili, siyo kwa ajili ya dini, kwa ajili ya jibini. Kampuni ya maziwa ya Arla ilipigwa hasara kubwa sana, wakulima kule wanakamua ng'ombe maziwa hayana pa kwenda, na hao wakulima hawajachora chochote. Lakini nawaambia ukweli, kususia ile ilifanya kazi kuliko petroli. Tarehe 30 Januari gazeti likatoa barua ya kuomba radhi kwa kuwaumiza Waislamu. Halijachomwa jengo hata moja hapo bado! Balozi zimechomwa BAADA ya kuomba radhi. Hebu tafakarini.

DadaMwajuma:

Subhanallah. Hili la mpangilio wa tarehe sikuwahi kulifikiria.

Mpare_Aarhus:

Mzee yuko sahihi. Ila katikati pale kuna kitu, tarehe 1 Februari magazeti ya Ulaya yakaanza kurudia vibonzo, Ufaransa, Ujerumani na kwingine, wanasema ni mshikamano. France Soir walichapisha, mwenye gazeti akamfukuza mhariri wake. Halafu Damascus ile ya tarehe 4, niambieni nyinyi, Syria ya Assad unaandamana bila ruhusa ya serikali mpaka unachoma balozi mbili, ya Denmark na ya Norway, askari wako wapi? Nchi ambayo enzi hizo ukikohoa wanajua.

Nyamwezi_Asilia:

Hapo ndipo napenda kusikiliza. Waliofaidika. Serikali zisizotaka wananchi wake waulize mkate na kura zinawapa adui wa mbali wa kumtupia mawe. Na huku Ulaya nao wanasiasa wa chuki dhidi ya wageni wakavuna kura. Kufa kufaana.

Kaulizeni aliyelipa. Nigeria, Maiduguri, tarehe 18 Februari, maandamano ya vibonzo yakageuka kuchoma makanisa na kuua Wakristo ambao Denmark hata kwenye ramani hawaijui. Siku chache baadaye Onitsha nao wakalipiza kwa Waislamu wa kutoka kaskazini, makumi ya watu. Muuza vitunguu wa Kihausa anakufa Onitsha kwa ajili ya kibonzo cha Aarhus. 2015 tena, baada ya Charlie Hebdo kutoa toleo lile la baada ya mauaji, Niger watu kumi wakafa, na Niamey peke yake makanisa 45 yakachomwa. Arobaini na tano!

WaKayole:

Mi ni Mkenya, hiyo Ijumaa nilikuwa tao pia, naeza thibitisha hiyo teargesi ilifika hadi City Market watu wa samaki walifunga mapema. Boss Mtanga hiyo kandambili yako pengine ndio niliiona kwa lami 😂😂

Mtanga_B11:

Ya bluu, mguu wa kushoto. Naidai mpaka leo

Kobe_Mwanasheria:

Wakuu tusijifanye mambo haya ni ya huko tu. Hapa kwetu Kanuni ya Adhabu kifungu cha 125 kinakataza kutusi dini. Tuna sheria ambayo Denmark waliifuta 2017. Imetusaidia? Februari 1998 Mwembechai pale Dar, chanzo kilikuwa nini, ni malalamiko ya mihadhara ya kashfa, kwamba wahubiri wanamkashifu Yesu. Dola ikaenda kukamata, ikaisha na watu kupigwa risasi na kufa. Oktoba 2012 Mbagala je, watoto wawili wanabishana, mmoja kaambiwa ukikojolea msahafu utageuka, mwenzie kakojoa. Mtoto wa miaka 14! Makanisa yakachomwa. Hapo hakuna mhariri, hakuna uhuru wa habari, hakuna mzungu. Ni ubishi wa watoto.

Sauti_ya_Kisonge:

Mwembechai nilikuwepo jirani. Huo ni uzi wake peke yake, na nikiuanzisha humu moderata atatufungia wote. Ila Kobe umegusa. Sheria ile ile ikitumika kwa mmoja inaitwa amani, ikitumika kwa mwingine inaitwa uonevu, inategemea wewe uko upande gani wa barabara.

Mpare_Aarhus:

Na Denmark wenyewe wamegeuka. Baada ya watu kuchoma misahafu mbele ya balozi 2023, Desemba mwaka ule bunge likapitisha sheria kwamba ukikitendea hadharani kitabu kitakatifu isivyostahili unaweza kufungwa hadi miaka miwili. Wamefuta 2017, wamerudisha kwa mlango wa nyuma 2023. Kuchora bado ruksa, kuchoma kitabu hapana. Huku walibishana mpaka familia zikanuniana mezani.

Mkereketwa_Huru:

Wameogopa tu

Mpare_Aarhus:

Inawezekana. Lakini wewe hujaishi na woga huo. Mzee Westergaard, 1 Januari 2010, kijana wa Kisomali aliingia kwake na shoka, mzee akakimbilia chumba maalum kilichojengwa chooni akajifungia, na mjukuu wake wa miaka mitano kabaki sebuleni. Mtoto hakuguswa. Mimi mwaka ule nilikuwa nafanya usafi ofisini alfajiri, wiki nzima kila nikipita kwenye basi watu wanakaa mbali na mimi, na mimi hata Muislamu siyo, natoka Same, jina langu la ubatizo ni Elinami. Weusi wangu ulitosha. Westergaard alikufa 2021 baada ya kuugua muda mrefu, ana miaka 86, kwa miaka mingi haendi dukani bila askari.

Na mmoja wa wale waliobeba faili, Ahmed Akkari, alikuja kugeuka. 2013 akasema hadharani safari ile ilikuwa makosa, akamfuata mzee Westergaard akamwomba msamaha ana kwa ana. Wakanywa kahawa nadhani. Ile kahawa ambayo waziri mkuu aliwanyima mabalozi.

DadaMwajuma:

Alimwomba msamaha mchoraji. Na mchoraji alimwomba nani? Nauliza tu.

Mpare_Aarhus:

Dada, mzee hakuwahi kuomba. Alisema alikuwa anafanya kazi yake.

DadaMwajuma:

Haya.

Nyoka_wa_Mdimu:

Mimi naona kuna mtu mmoja alistahili kusikilizwa na hakusikilizwa, yule mhariri wa Jordan, Jihad Momani. Alichapisha vitatu kwenye gazeti lake akawauliza Waislamu wenzake kipi kinauchafua Uislamu zaidi, hivi vibonzo au mtu anayechinja mateka mbele ya kamera, au anayejilipua kwenye harusi Amman. Harusi ile ilikuwa imetokea kweli, Novemba 2005, jeraha bichi. Wakamfukuza kazi, wakamkamata.

Sauti_ya_Kisonge:

Swali lake lilikuwa zuri. Ila angeuliza bila kuvichapisha.

Mkereketwa_Huru:

Ndio yale yale, asiyeviona atajuaje anachojadili? Mtanga alikabwa na donge kwa fotokopi ya nguruwe kwa sababu HAKUNA aliyemwonyesha ya kweli.

Sauti_ya_Kisonge:

Mkereketwa hapo umenikamata kidogo. Kidogo tu. Nitarudi baada ya isha.

Kamchape:

Mtanga yule kijana mwenye karatasi ilikuwaje mwisho?

Mtanga_B11:

Nilimwona tena. Mwaka 2014 nimekwenda Eastleigh kutengeneza simu, nimekaa kwenye kistuli nasubiri, fundi ananiinamia na bisibisi, nikaona kovu hapa kwenye nyusi, nikasema huyu namjua. Nikamuuliza kama alikuwa Jamia ile Ijumaa ya Denmark. Akafikiri. Akasema alikuwepo, alikimbia, aliumia goti.

Nikamwambia na ile karatasi ya mfuko wa shati?

Akaniangalia. "Karatasi gani?"

Nikamweleza pua ya nguruwe, yule mzee aliyelia. Hakumkumbuka mzee kabisa. Akasema labda alipewa mlangoni na watu, siku ile walikuwa wanagawa karatasi nyingi. Halafu akaniambia kioo original hana, ana kopi, bei nafuu, niweke au nisubiri Jumatatu?

Nikasubiri Jumatatu.

Sauti_ya_Kisonge:

Nimerudi. Mkereketwa uko?